Kifua cha Hollis na Mechi ya Pickard

Jumatatu, 26 Agosti

Hollis Tatum, mume wangu, wewe ni mjinga, na kwa kuwa hutaki kuambiwa mezani, nimekuandika hapa. Mtu mzima wa miaka sabini na nne, anapanda ngazi za baraza lake mwenyewe, anahema kama aliyebeba jokofu mgongoni, halafu ananiambia eti ni joto. Joto la Alabama umezaliwa nalo, Hollis. Halijawahi kukukalisha chini katikati ya kukata majani.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenipa daftari hili, niandike pumzi yake na uvimbe wa miguu. Miguu imevimba. Nimeshaandika. Nafasi iliyobaki ni yangu. Shule niliiacha darasa la nane, lakini mwandiko wangu unasomeka, jambo ambalo siwezi kusema juu ya daktari yeyote niliyewahi kupewa karatasi naye.

Vali moja ya moyo wake imekakamaa, haifunguki sawasawa. Daktari wa hapa mjini kasema aende kwa mpasuaji mapema. Hollis akauliza mapema ndiyo lini, akaambiwa Septemba, au Oktoba isipite. Akacheka. Akasema miezi hiyo ina mpira wa Kimarekani wa vyuo, ataenda Desemba, baada ya Pickard, mechi ya mwisho na mahasimu wetu.

Baada ya Pickard. Mfereji wa bati unaovuja ni baada ya Pickard. Jino lake bovu la nyuma ni baada ya Pickard. Hata mama yake, Mungu amrehemu, alipofariki mwezi Novemba, Hollis aliuliza kama mazishi hayawezi kungoja mpaka baada ya Pickard.

Jumamosi, 31 Agosti

Mechi ya kwanza. Vijana wetu wa Cantrell walicheza na chuo ambacho sijawahi kukisikia na wakakitandika. Hollis alikaa kwenye kambi yetu nje ya uwanja tangu alfajiri akichemsha karanga. Miguu imevimba.

Jumamosi, 7 Septemba

Karanga. Miguu.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo tulikwenda Birmingham kwa mpasuaji. Niliendesha mimi, maana Hollis sasa akigeuza shingo kuangalia nyuma anaona kizunguzungu, jambo ambalo nalo ni joto.

Mpasuaji anaitwa Dakta Whisenant. Ana umri wa mwanetu Rusty, ila huyu hujitazama kiooni na kuchana nywele. Tulipoingia ofisini kwake nilijua tumekwisha. Ukutani shahada ya Pickard. Juu ya meza mwewe wa shaba, nembo yao, mabawa wazi. Na tai yake ya njano, njano ile yao inayoumiza macho. Hollis alikuwa amevaa kofia yake ya damu ya mzee yenye nyumbu, nembo ya Cantrell, mbele. Wakatazamana kama majogoo wawili juu ya ua mmoja.

"Wewe ni wa Pickard," Hollis akasema.

"Ndiyo, mzee. Mimi, baba yangu na babu yangu."

"Pole sana."

"Asante. Na kofia naiona. Kwa kuishangilia Cantrell miaka yote hiyo, moyo ungekosaje kuchoka?"

Mimi nilimwambia daktari mizaha ya bei rahisi ninaipata ya kutosha nyumbani kwa huyu, nimekuja kusikia habari za moyo. Akaacha kutabasamu. Akanichorea. Akasema tundu ambalo damu ya Hollis inapita sasa limebaki dogo kama la mrija wa kunywea soda, na watu wa namna hii wengine huanguka tu, bila onyo, wakiwa wanafunga viatu. Aliyasema hayo akinitazama mimi, si Hollis, na hapo nikamhesabia alama moja. Akasema pia jino bovu ling'olewe kwanza, kwa sababu uchafu wa jino huenda ukaikalia vali mpya atakayowekewa.

Ndani ya gari Hollis alishikilia kofia yake mpaka tumetoka mjini. Kisha akasema hawezi kulala kifua wazi mbele ya Mwewe. Nikamwambia Mwewe, bundi au kuku wa mama yangu, mwenye kisu anayejua kukitumia ni yule. Akawasha redio. Walikuwa wanazungumzia Pickard.

Jumamosi, 21 Septemba

Wameshinda. Hollis sasa hawezi kufunga kamba za viatu bila kupumzika kati ya mguu na mguu. Nimemnunulia viatu visivyo na kamba. Amesema vinamfanya aonekane mzee.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nilikwenda dukani kwa Buford Sessions kununua chakula cha kuku. Nimekuwa nikienda pale tangu Buford ana nywele. Nyuma, karibu na magunia, wana viti vyao, na Rusty wangu alikuwa kwenye kimojawapo, saa za kazi, miguu imenyooshwa.

Walikuwa wanaipima Pickard. Mechi iko mwisho wa Novemba, lakini hawa wanaipima kama bibi harusi anavyopima gauni. Ukuta wa mbele wa Pickard, wale wanaomkinga mrusha mpira, kila kijana ana ukubwa wa mlango wa ghala. Mrusha mpira wao ana kifundo kibovu cha mguu wa kulia. Binamu wa mtu mmoja alimwona kituo cha mafuta akishuka garini kwa kujikongoja. Je, alijikongoja kwa maumivu au kwa kukaa muda mrefu? Walibishana hapo mpaka chakula changu cha kuku kikapimwa, kikafungwa na kupakiwa. Wakahamia kwa mpiga teke wetu, wa kupitisha mpira kati ya nguzo mbili, ambaye ni kijana wa mwaka wa kwanza na akikaribia mstari anafumba macho. Buford alisema mechi itaamuliwa na huyo mtoto, na wote wakavua kofia kwa huzuni.

Nikawauliza kama kuna anayejua moyo wa Hollis umefikia wapi. Buford akasema alisikia ni mambo ya pumzi.

"Kifundo cha mtoto wa watu mnakijua mpaka mshipa," nikawaambia. "Anayewachemshia karanga kila Jumamosi hamjui kama anapumua. Rusty, rudisha miguu yako, watu wanapita."

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua. Wameshinda kwenye tope. Hollis kaloa mpaka chupi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua tena. Wameshindwa na watu wa Georgia. Hakula.

Jumapili, 20 Oktoba

Mchungaji alimwombea Hollis kwa jina, halafu akaomba Bwana alinde magoti ya vijana wa Cantrell. Magoti yalichukua muda mrefu zaidi. Nilikohoa.

Jumamosi, 2 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha hospitali ya hapa wilayani, Hollis amelala, na mikono yangu bado inanuka chumvi ya karanga.

Kambi yetu iko palepale miaka yote, kwenye nyasi kando ya maegesho ya mashariki ya uwanja. Hema, meza, sufuria kubwa juu ya jiko la gesi. Nilimwambia asiinue sufuria. Nilimwambia kabla ya kutoka nyumbani, nikamwambia garini, nikamwambia sufuria ikiwa inachemka. Nilipogeuka kukata mkate wa mahindi akaiinua.

Sikusikia kelele. Nilisikia mfuniko tu. Alikuwa ameanguka kati ya visanduku viwili vya barafu, rangi ya uso kama ya maji ya kuoshea vyombo, na watu wa hema la pili walidhani ameinama kuokota kitu, wakaendelea kucheka. Karanga zilimwagika pembeni. Hazikumpata, nashukuru.

Huyu Rusty, ambaye nimesema mengi juu yake na mengine nimeyaandika, ndiye aliyefika kwanza. Hakuita mtu. Hakuuliza kimetokea nini. Alimtia babake mikono chini ya makwapa na chini ya magoti, akambeba peke yake katikati ya umati wote ule, watu na bendera zao na watoto wenye nyuso zilizopakwa rangi, mpaka kwenye gari la wagonjwa lililo karibu na lango. Rusty ana goti bovu. Mimi nilimfuata nyuma na mwiko mkononi.

Hollis alifumbua macho tukiwa barabarani. Akatafuta uso wangu. Nikainama, nikidhani ana neno la kuniambia, baada ya miaka hamsini na moja.

"Wameanza?" akasema.

Jumatatu, 4 Novemba

Dakta Whisenant kapiga simu mwenyewe. Hakuna cha Desemba tena. Jino ling'olewe Jumatano, kidonda kipone, na nafasi ya kwanza ya chumba cha upasuaji baada ya hapo ni Ijumaa ya tarehe 29, siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani. Pickard ni Jumamosi, tarehe 30.

Hollis alininyang'anya simu akaanza kujadiliana kama anayenunua ng'ombe. Akauliza akipasuliwa Ijumaa, Jumamosi mchana atakuwa wapi. Daktari akasema mara nyingi mtu huwa ameshaamka, amekalishwa kwenye kiti. Hollis akauliza kama mbele ya kiti kuna televisheni. Daktari akasema ipo. Hollis akauliza kama sauti inaongezwa. Nikasikia daktari anacheka kule. Akamwambia sauti itaongezwa, lakini yeye daktari akipita wodini na njano yake, hataki matusi.

Wakapatana. Nimeolewa na mtu aliyekubali kufunguliwa kifua kwa sharti la televisheni.

Jumatano, 6 Novemba

Jino limetoka. Alimwambia mng'oaji kwamba ukuta wa mbele wa Pickard una pengo kama lile.

Jumamosi, 9 Novemba

Hollis ameangalia mechi nyumbani, amelala kochini kwa amri yangu. Wameshinda. Kila mara alipotaka kuinuka nilimwonyesha mwiko.

Jumatatu, 18 Novemba

Watu wa televisheni wameihamisha mechi.

Si Jumamosi tena. Ni Ijumaa, tarehe 29, saa tano asubuhi. Sababu ni matangazo, eti nchi nzima itakuwa nyumbani imeshiba bata mzinga. Hakuna aliyetuuliza. Saa tano asubuhi Hollis atakuwa amepigwa nusu kaputi.

Alipolisikia kwenye redio aliizima, akakaa akiitazama ile redio. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Basi tunasogeza."

Nikapiga simu ofisini kwa daktari. Binti aliyepokea akasema nafasi inayofuata ni tarehe 17 Desemba. Nikamuuliza kama mtu aliyekwisha kuanguka mara moja anaweza kungoja mpaka hapo. Akasema yeye ni wa kupanga siku tu, lakini sauti yake ilikuwa imenijibu.

Hollis anasema kama ameishi tangu Agosti ataishi na hizo wiki nyingine. Nimemwambia hakuishi tangu Agosti, ameponea chupuchupu. Hakuelewa tofauti.

Jumatano, 20 Novemba

Waliletwa. Sijui ni nani aliwaita, lakini nilipotoka kuanua nguo niliwakuta barazani kwangu, Buford na wenzake wawili wa viti vya nyuma, na Rusty ameegemea nguzo. Hollis yuko katikati kwenye kiti cha bembea kama gavana.

Walianza na kifundo cha yule mrusha mpira, ambacho sasa kimepona, ole wetu. Wakaja kwenye mpiga teke wetu, ambaye ameanza kufumbua macho lakini anapiga kushoto. Nikaendelea kukunja mashuka. Ndipo Buford akajikuna kidevu.

"Bibi Ouida, ni siku chache tu. Na tuseme kweli, huyo daktari ni mtu wa Pickard toka tumboni. Unadhani Ijumaa atakuwa pale? Ana tiketi zake. Atamwachia kazi mwanafunzi. Na akiwepo, mikono itakuwa kwa Hollis, roho iko uwanjani."

Hollis aliitikia kwa kichwa taratibu kama aliyeletewa andiko. Nilimwona amelishika. Mtu anayeogopa hushika chochote, na nilikuwa sijalijua hilo mpaka leo, kwamba anaogopa. Nilidhani ni mpira tu. Lakini mikono yake ilikuwa chini ya mapaja, ameikalia kama mtoto anayengoja kuchomwa sindano.

Nilikuwa natafuta neno la kumtoa Buford barazani kwangu, na Rusty akanitangulia. Huyu asiyesema kitu kisicho na Cantrell ndani yake.

"Baba, nilikubeba tarehe mbili," akasema. "Ulikuwa mzito kama maiti. Nilidhani nimebeba maiti. Sitakubeba tena kwa sababu ya mpira."

Akashuka ngazi, akaingia garini kwake, akaondoka. Buford na wenzake wakatafuta kofia zao. Hollis akabaki anajibembea. Nikamuuliza kama amesikia. Akasema amesikia, lakini la daktari nalo ni la kufikiriwa.

Nilipakua wali uliobaki, nikampa akala ukiwa baridi.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimechoka kuongea na watu kupitia watu. Asubuhi nilipiga simu nikamwambia yule binti kwamba nataka Dakta Whisenant mwenyewe, na kwamba nitakaa kwenye simu mpaka mmoja wetu azeeke. Akanipigia daktari saa ya chakula.

Sikumzungusha. Nikamwambia, "Daktari, Ijumaa wewe utakuwa wapi?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Bibi, nitakuwa na mikono yangu kifuani mwa mumeo."

"Na tiketi?"

"Nimempa jirani. Zote mbili, yangu na ya mke wangu. Toka niwe mtoto sijakosa mechi hii, hata mwaka nilipovunjika mguu. Mwambie mzee hivyo hivyo. Na mwambie asipokuja, nitakuwa nimekosa mechi bure, na nitajua watu wa Cantrell ni watu wa namna gani."

Nilimkuta Hollis jikoni anatafuna kwa upande wa meno mazima. Nikamwambia kama nilivyoambiwa, sikuongeza wala kupunguza.

Akaacha kutafuna. "Amempa jirani?"

"Amempa."

"Zote?"

"Zote mbili."

Alikwenda dirishani akatazama mfereji unaovuja. Akasimama pale muda mrefu, kwa mtu asiyeweza kusimama muda mrefu.

"Mwewe hawezi kuniambia ametoa zaidi kuliko mimi," akasema. "Nitafutie pajama safi."

Mimi nimelia mbele ya mtu huyu. Mwanawe amemwambia maneno ambayo baba hapaswi kuyasikia. Mchungaji kaomba, moyo wenyewe umemwangusha chini hadharani. Kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni mtu wa Pickard kumzidi kwa kitu. Nimetafuta pajama. Nimezipiga pasi kwa hasira mpaka zikang'aa magotini.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga alikuwa mkavu. Hollis hakuruhusiwa kula baada ya giza, kwa hiyo alikula mapema na kwa wawili. Rusty alikuja. Hawakuzungumza, ila Rusty alimkatia babake nyama bila kuombwa, na babake akala.

Ijumaa, 29 Novemba

Wauguzi wa Birmingham walimchukua kabla hakujapambazuka vizuri. Alivua pete ya ndoa akanipa, kisha akavua kofia akampa Rusty. Nimeona ni nani alipewa nini, lakini leo sigombi.

Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa. Nusu njano, nusu damu ya mzee, na televisheni moja juu ya mlango kama mungu wao. Saa tano ikafika, wakaanza. Watu wale kila mmoja ana mtu wake ndani, kafunguliwa au anangoja kufunguliwa, na bado walipiga kelele mpira ulipoanguka. Mama mmoja wa njano alikuwa analia na kushangilia kwa wakati mmoja. Kaka yake alikuwa ndani. Sikumcheka. Miezi mitatu iliyopita ningemcheka.

Niligeuza kiti changu nikaipa televisheni mgongo. Nilidhani Rusty atabaki akitazama, lakini nilipoinua macho alikuwa naye amegeuza chake. Tukakaa tunatazama ukuta wa rangi ya maziwa, na kofia ya babake juu ya goti lake bovu. Hajakosa Pickard toka azaliwe. Nyuma yetu watu wakaguna, wakapiga makofi, wakaguna tena. Shingo yake ilikuwa ngumu kama mti lakini haikugeuka. Nikampa mkate mdogo wenye nyama nilioufunga asubuhi. Akaukata, akanirudishia nusu kubwa.

Nilifikiria mambo ya ajabu. Kwamba sijui Hollis anakoweka funguo za trela. Kwamba upande wake wa kitanda una shimo ambalo godoro jipya halitalijua. Nilimkasirikia kwa yote mawili.

Dakta Whisenant alitoka mchana, alama za barakoa zimemkata mashavuni, kofia ya upasuaji imelowa jasho. Hakutazama juu ya mlango. Alikuja moja kwa moja mpaka kwetu, akachuchumaa mbele yangu kama mtoto wangu.

"Vali imekaa," akasema. "Moyo umeanza wenyewe. Tundu lilikuwa dogo kuliko tulivyoona kwenye picha, bibi. Desemba asingeifika."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umekunjamana kwa maji. Rusty alikuwa amejifunika uso kwa ile kofia.

Tulipokwisha kupumua wote watatu, daktari akajisafisha koo, akauliza kwa sauti ndogo, "Ngapi ngapi?"

Nikamwambia sijui. Akamtazama Rusty. Rusty naye hakujua. Ikabidi tumuulize yule mama wa njano.

Jumamosi, 30 Novemba

Wamemtoa mrija kooni asubuhi. Sauti yake ni kama ya chura. Wamemkalisha kwenye kiti na mto mdogo mgumu, aukumbatie kifuani anapokohoa, mshono usiumie. Muuguzi kasema lazima akohoe, na lazima asimame atembee leo leo, maana mapafu ya mtu aliyelala hujaa maji.

Hollis aliniuliza matokeo. Nikamwambia bila kuzunguka, maana aliyefunguliwa kifua anaweza kusikia ukweli. Tumepigwa ishirini na tatu kwa ishirini. Yule mtoto alipiga teke la mwisho, macho wazi, likaenda kushoto.

Hollis alifumba macho. Machozi mawili yakatoka, nikamfuta kwa ncha ya shuka, maana hakuwa na nguvu ya kuinua mkono.

Daktari akapita. Suruali ya kazini, koti jeupe, na chini kabisa soksi za njano. Hollis alizitazama muda mrefu.

"Hongera," akasema.

"Asante, mzee. Mlicheza vizuri."

Daktari akamsikiliza kifua, akaandika kitu, akaenda.

Muuguzi akaja wasimame. Hollis akakataa. Inauma, kesho. Hatakohoa, inauma. Mto hautaki. Alikuwa amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa pipi, uso kaelekeza dirishani, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpa yake. Ndipo akasema, kwa ile sauti ya chura, wala si kwangu, kwa lile dirisha:

"Mwakani Pickard wanakuja kwetu. Yule mtoto atakuwa mwaka wa pili, atakuwa ameacha kupiga kushoto. Mwakani itabidi tupate jiko kubwa zaidi."

Tangu Agosti mtu huyu hajawahi kutamka neno moja linalopita mwaka huu.

Nilimwambia na ninaandika hapa ili asije akasema hakuambiwa. Hollis, mwakani haiji kwa mtu aliyekaa. Kumbatia huo mto. Kohoa, mara ya pili kohoa kweli. Rusty, shika mkono wa kushoto, mimi nashika wa kulia. Simama, mzee, twende mpaka mlangoni.